Bunduki ya Muzee Kikuni

Maman Zawadi alifariki Jumanne, na habari zilinikuta Lwiro nikiwa na pini tatu mdomoni, nampima mteja kiuno. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa, nikamwambia mteja arudi wiki ijayo. Sikulia pale. Mimi ni mtu wa kulia baadaye, nikishafika mahali ambapo hakuna anayenihitaji. Kesho yake asubuhi nikapanda gari la kwenda Bukavu, na hata Kavumu hatujaipita, nikauona mkono wangu wa kulia, uliokuwa umelala juu ya paja, ukifanya ule mwendo wake wa zamani: juu, nyuma, mbele, chini. Abiria wa pembeni akaniuliza kama mkono unaniuma. Nikamjibu ni uzee tu. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza mtu nisiyemjua kwamba nilipokuwa na miaka ishirini nilikaa mwaka mzima katika nyumba ya huyu marehemu, nikilainisha bunduki.

Najua neno hilo linavyosikika huku kwetu siku hizi. Nimelala chini ya kitanda kama kila mtu, nimezika watu kama kila mtu, na nikisikia chuma kikigonga chuma nyuma ya ukuta, moyo wangu huruka hata kama ni jirani anafunga geti. Kwa hiyo miaka mingi sikuusimulia mwaka huo. Wanangu wanajua tu kwamba Papa Deo na mke wake, Maman Zawadi, wa mtaa wa Muhungu, walinifadhili nikiwa msichana. Hawajui kwamba nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire, palikuwa na chumba nyuma ya nyumba ile ambamo bunduki za wawindaji, zenye karatasi zake za serikali, zililetwa zikiwa na kutu na kutoka zikiwa safi, na kwamba chumba hicho ndicho mahali pa amani kuliko pote nilipowahi kukaa. Nikisema hivyo najisikia kama mtu anayemsifu nyoka. Lakini ni kweli, na leo Maman Zawadi amekufa, nani atanikataza.

Sikwenda kwao kwa ajili ya bunduki. Nilikwenda kushona. Maman Zawadi alikuwa anashona mifuko ya turubai ya kubebea bunduki za wateja wa mume wake, macho yakaanza kumchosha, akatafuta msichana anayeijua cherehani. Siku ya tatu tu cherehani yenyewe ikagoma. Niliifungua mezani, nikaisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki mzee, nikatafuta kwa kidole mahali inapokwaruza. Papa Deo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Aliniangalia mpaka nikamaliza. Kesho yake akaniita kwenye chumba cha nyuma, akanipa bunduki tupu ya mtu wa Walungu, akasema, "Funga macho, mama. Fungua, funga. Uniambie inauma wapi." Nikafumba macho. Nikashika mkono wa kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele, kile kinachoifunga risasi ndani, ambacho yeye alikiita kulasi kama Wabelgiji waliomfundisha. Nikakiinua, nikakivuta, nikakisukuma, nikakishusha. Nikamwambia, "Inauma karibu na mwisho, papa, upande wa kushoto." Akacheka peke yake, kisha akaenda kumwambia mke wake kwamba ameninyakua.

Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa, meza ya mbao za mkaratusi yenye alama za misumeno, na ukutani bunduki nzee iliyokufa, ambayo Papa Deo alikuwa anaikata vipande vya akiba kama mtu anavyokata nyama ya kukausha. Palinukia mafuta ya taa na mshumaa. Mshumaa ulikuwa wa kazi: aliupitisha chini ya kulasi mpaka chuma kikawa cheusi kwa moshi, akakirudisha ndani ya bunduki, akakiendesha mara chache, akakitoa. Pale palipong'aa ndipo panaposuguana. Hapo ndipo tulipopaka dawa kidogo, ile wanayosugulia vali za injini garajini, kisha kazi yenyewe ikaanza, nayo ilikuwa moja tu: kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka chuma kizoeane na chuma. Na kwa sababu mtu asiye na subira huendesha haraka na kukwaruza zaidi, Papa Deo alikuwa na kipimo chake. Rozari ilining'inia kwenye msumari juu ya meza. Salamu Maria moja, mwendo mmoja. Unafungua kwenye "Salamu Maria," unafunga kwenye "Maria Mtakatifu." Makumi matano, yaani Salamu Maria hamsini, basi. Unafuta, unaosha, unatazama upya kwa mshumaa. Makumi matano mengine ni mpaka yeye aseme. Hakuwa mcha Mungu sana, kusema kweli. Maman Zawadi ndiye aliyemfundisha kipimo hicho walipooana, kwa sababu hawakuwa na saa. "Bunduki zenu zinasaliaka kuliko nyinyi," alikuwa anatutania akipita na sufuria.

Na kulikuwa na katazo moja. Ndani, chini, kuna jino dogo la chuma linaloishika sindano ya kupigia mpaka mtu avute kifyatulio. Jino hilo lina kona kali, na ukifunga kulasi unalisikia: kakwaruzo kadogo mwishoni, kama ukucha juu ya sahani. Mtu mgeni angedhani ni ubaya. "Ile unaiacha," Papa Deo aliniambia siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila siku iliyofuata. "Ile haiko mubaya. Ile njo inashika. Ukiilainisha, bunduki itajipiga yenyewe, na itapiga mwenye iko mbele." Kwa hiyo kila bunduki iliyotoka kwetu aliifunga na kuifungua tupu mara ishirini, akiigonga kitako kwa nyundo ya mbao, na Maman Zawadi, aliyekuwa anaandika jina la mteja kwenye mfuko, aliuliza kutoka jikoni, "Inashika?" Naye alijibu, "Inashika." Bila jibu hilo mfuko haukufungwa.

Tulikula saa saba, kwenye baraza la nyuma. Bugali wa muhogo, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, siku nyingine sombe ya majani ya muhogo au maharagi, na pilipili ambayo Papa Deo aliiponda mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Mikono yangu na ya Papa Deo ilinukia mafuta hata baada ya sabuni, na Maman Zawadi alidai anaweza kujua samaki gani nimemshika mimi. Sikuwahi kupendwa kwa utani namna ile. Nilikuwa na mchumba, Bisimwa, aliyekwenda Shabunda kuchimba dhahabu ili tuoane, na barua zake tulizisoma pale barazani, mimi kwa sauti, nikiruka sehemu ambazo wote walijua nimeziruka. Barua zilikuja mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Kisha zikakoma. Nilianza kula kidogo. Sambaza za sahani yangu zikaanza kuongezeka.

Muzee Kikuni alikuja mvua zilipoanza. Alikuwa Mulega wa upande wa Mwenga, katekista, mrefu, mwenye kofia aliyoivua hata kwa kuku. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza muhogo wa kijiji chake, na bunduki yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilimbidi aipige kulasi kwa kiganja. "Nikimaliza kuifunga, nguruwe anakuwa alishaka kushiba na kwenda kulala," alisema. Aliiacha, akaenda kwa ndugu zake wa mtaa wa Kadutu kungoja. Alikula nasi siku hiyo, na nilipokwenda kuleta maji ya kunawa walikuwa wanaongea chini kwa chini, nami niliporudi wakanyamaza. Siku mbili baadaye, nikiwa chumba cha nyuma, nikamsikia Maman Zawadi jikoni: "Tutamuambia wakati gani?" Na Papa Deo: "Acha Oktoba iishe kwanza. Acha amalize ile bunduki." Nikajua ni mimi. Nikajua wamechoka na msichana anayelia kwenye sambaza zao, wanataka kunirudisha nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini, na kila nilichosikia nikiwa nyuma ya mlango kilikuwa kinanihusu kwa ubaya.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimelibeba mpaka leo. Papa Deo alishikwa na malaria, akalala, na bunduki ya Muzee Kikuni ikabaki mikononi mwangu peke yangu, na ulikuwa Oktoba, mwezi wa rozari. Nikaona Mungu amenipangia. Nikaanza novena kwa ajili ya Bisimwa, siku tisa, na si makumi matano, bali rozari nzima ya wakati ule, makumi kumi na matano, kila siku, huku mkono uko kwenye kulasi. Kila asubuhi nilipaka dawa upya. Siku ya nne chuma kilikuwa tayari kizuri, na fundi mwenye akili angekiosha na kukiacha. Mimi sikuwa fundi wiki hiyo, nilikuwa mtu anayeomba, na mtu anayeomba hajui mahali pa kuacha. Siku ya saba kulasi ilikwenda kama kisu ndani ya parachichi. Ila mwishoni, kila mara, kwenye "Amina," kakwaruzo kale kadogo. Kalinitesa. Nilijisemea: kitu kidogo tu kimebaki kati yangu na jibu. Siku ya nane nikachovya ncha ya kitambaa kwenye dawa nikalipaka jino. Sikudanganyika. Nilijua ninachofanya, nikakifanya, na siku ya tisa hapakuwa na mkwaruzo wowote, nikalia kwa furaha, nikadhani ni neema.

Muzee Kikuni akaja alasiri hiyohiyo. Lori la kwao lilikuwa linaondoka alfajiri. Nikaifunga bunduki tupu: ikashika. Nikaifunga tena: ikashika. Mara ya tatu nikasikia ndani, bila kidole changu kugusa chochote, tak. Sauti ndogo ya sindano iliyojiachia yenyewe. Maman Zawadi, aliyeinama juu ya mfuko, akauliza, "Inashika?" Na Muzee Kikuni amesimama mlangoni na kofia mkononi, anatabasamu, anatueleza watakavyowavizia nguruwe wale kesho kutwa: "Mudogo yangu njo anatangulia, anakata njia na panga. Miye ninafuata nyuma." Nikafikiria kufukuzwa. Nikafikiria baraza, na zile sambaza. Nikasema, "Inashika." Maman Zawadi akafunga mfuko.

Sitaeleza nililalaje. Asubuhi Papa Deo alitoka chumbani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, amejifunga blanketi, akakaa barazani kunywa uji. Akaniuliza bunduki ya muzee imekwendaje. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kingemuumbua mtu mwingine, mwenye panga, aliyetangulia mbele. Nikaweka kikombe chini nikamwambia yote, novena, kitambaa, tak, na ule uongo. Sikumtazama. Niliongea na uji wake. Alipoongea hakupaza sauti. Alisema, "Zawadi, letea miye suruali."

Lori lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili. Kwenye njia ya Walungu tukapata pikapu iliyobeba saruji, dereva akamwona Papa Deo anavyotetemeka kwa homa akampa kiti cha mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya mifuko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sijawahi kulishukuru tope maishani kama siku ile: mbele kidogo ya Burhale tukalikuta lori limezama mpaka ekseli, abiria wamekaa ukingoni wanakula mahindi ya kuchoma, na Muzee Kikuni yuko katikati yao, mfuko wa turubai magotini. Alipotuona akasimama na kuvua kofia. Alidhani tumemletea kitu alichosahau.

Papa Deo akaomba bunduki. Akaifungua, akaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, akaielekeza kwenye tope mbali na watu, akaifunga. Ikashika. Akaifunga tena, ikashika, nami kwa sekunde moja ya aibu nikatumaini kwamba nilisikia vibaya jana. Mara ya tatu, tak. Mtafunaji mmoja wa mahindi akaacha kutafuna. Muzee Kikuni hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa mwindaji tangu ujana. Akakaa chini taratibu, akasema jina la mdogo wake, mara moja tu, kama anayemwita kutoka chumba kingine.

"Nani alisugua hii?" akauliza.

"Ni mukono ya atelie yangu," Papa Deo akajibu; atelie ndilo jina alilokiita kile chumba cha nyuma.

Nikasema, "Ni miye, muzee. Nilizidisha. Nilikuwa nasali."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliniuliza, kwa sauti ya katekista anayeuliza mtoto, "Ulikuwa unasali ju ya nani?" Nikamtajia Bisimwa. Uso wake ukabadilika. Akamgeukia Papa Deo. "Hamujamuambia?"

Papa Deo akajifunga blanketi vizuri. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Akaniambia palepale, mbele ya lori na watu wa mahindi, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pengine pa kuniambia: kwamba mpwa wa Muzee Kikuni anachimba shimo moja na Bisimwa, kwamba Bisimwa alishaoa huko Shabunda, kwamba ana mtoto. Muzee aliwaambia siku ile ya kwanza, walipomtajia mchumba wangu, nilipokwenda kuleta maji. "Zawadi alitaka tukuambie," alisema. "Miye njo nilisema tungoje. Niliona unasali vizuri, nikaogopa kukukata." Akafuta mvua usoni. "Ungesema jana, ao miye ningesema ile wiki ilipita, hatungekuwa hapa. Tuko bawili, mama. Usibebe peke yako."

Muzee Kikuni akairudisha bunduki ndani ya mfuko, akampa Papa Deo yote, na kulasi na jino lake. Alisema acha nguruwe waendelee kula muhogo wiki tatu zaidi, hawatakuwa wa kwanza. Akanipa hindi lake, nusu yake ilikuwa bado nzima. Nililila nyuma ya gari tulilopata, njia nzima ya kurudi, nikilia, na sijui mpaka leo kama nilikuwa namlilia Bisimwa, au yule mwenye panga ambaye sikuwahi kumwona, au kwa sababu sikufukuzwa. Nilipofika, Maman Zawadi alikuwa jikoni. Alijua kwa kunitazama. Alinishika mikono yote miwili, iliyonukia mafuta na mahindi, akainusa kama alivyozoea kutania, lakini hakutania. Nikamwambia kwamba nimesali siku tisa bure. Akasema, "Sala haipoteake. Iliangukia fasi ingine tu. Angalia, hakuna mutu alikufa."

Papa Deo alikata jino jingine kutoka kwenye ile bunduki iliyokufa ukutani, akanikabidhi mimi niliweke. Alikaa nyuma yangu kwenye kiti, bado dhaifu. Nilisali makumi matano. Nilipomaliza kumi la tano mkono wangu ulikuwa tayari unaanza la sita wenyewe, naye akaufunika kwa mkono wake. "Tano inatosha," alisema. Nikafuta, nikaosha, nikafunga. Kakwaruzo kalikuwepo, kakali, kazuri. Tuliifunga mara mia moja siku hiyo, na wiki tatu zilipoisha muzee akaja kuichukua. Kabla ya Noeli lori lilileta kifurushi cha majani, ndani yake shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na ujumbe wa mdomo ambao dereva alitupa kwa maneno matatu: "Muzee anasema, inashika." Tulikula shingo ile siku nne. Mwaka mpya ulipoingia nilirudi kwenye cherehani, nikaolewa na mtu mwingine, mwema, na maisha yakawa maisha.

Jana tulimzika Maman Zawadi. Leo kwenye matanga viti vya plastiki vimejaa barazani, palepale tulipokuwa tunakula sambaza, na chumba cha nyuma siku hizi kinahifadhi magunia ya makaa. Papa Deo haoni tena vizuri. Wanawake waliniketisha karibu yake, nikamtajia jina langu, akanishika kiganja akakipapasa kwa kidole gumba, akitafuta sugu ya zamani, akakiacha. Rozari ikaanza. Sikuwa nimelia tangu Jumanne, na kwenye kumi la pili nikaanza, kimya, na mkono wangu juu ya goti ukaanza nao: juu, nyuma, mbele, chini. Nilipotazama, mkono wa Papa Deo juu ya fimbo yake ulikuwa unakwenda pamoja na wangu, taratibu, ukifungua kwenye "Salamu Maria," ukifunga kwenye "Maria Mtakatifu." Tulikwenda hivyo mpaka mwisho. Watu wakasimama, sahani zikaanza kupita, na mimi nikawa bado naendelea, kumi la sita, la saba, kwa sababu nilihisi nikiacha ndipo Maman Zawadi atakapokuwa amekufa kweli. Papa Deo akasikia. Fimbo akaiegemeza ukutani, akautafuta mkono wangu gizani mwake mpaka akaupata, akaufunika.

"Tano inatosha, mama," alisema. "Leta chakula, tukule."